Mambo Msiige: Jina, Historia na Mizuka ya Nyumba ya Shangani

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ipo nyumba kubwa ya mawe iliyoelekea bahari. Majumba makubwa ya mji huo aghalabu yalipewa majina ya Kiarabu yenye kuanza na neno la nyumba: Beit al-Sahil, Beit al-Hukm, Beit al-Ajaib. Hii yaitwa Mambo Msiige, maneno mawili ya Kiswahili, na la pili ni kitenzi cha kukataza. Tangu mwaka wa 2015 nyumba hiyo imekuwa sehemu ya hoteli iitwayo Park Hyatt Zanzibar, na wenye kuwatembeza wageni mjini hawapiti mbele yake bila ya kusimulia kisa chake. Husema ya kuwa aliyeijenga alitia maelfu ya mayai katika chokaa ili kuta zipate nguvu, na ya kuwa watumwa walizikwa wangali hai ndani ya kuta hizo. Kwa sababu hiyo, husemwa, nyumba haikosi wenyewe.

Makala haya hayakusudii kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa mizuka. Kazi hiyo si ya mwanaisimu. Yakusudia kuuliza maswali matatu yaliyo karibu zaidi na fani yetu. Jina hili lasema nini? Ni nani asemaye, na ni nani aambiwaye? Tena, kisa cha waliozikwa ukutani chasimuliwa kwa maneno gani, na maneno hayo yatufundisha nini juu ya watu walioijenga nyumba? Nitajaribu kuonyesha ya kuwa jina lile lile limebadili msemaji wake, na ya kuwa mabadiliko hayo hupotea kila litafsiriwapo kama sifa tu.

Historia ya nyumba

Nyumba ilijengwa baina ya mwaka wa 1847 na 1850 na Sheikh Salim bin Bushir al-Harthi, mmoja wa matajiri wa Unguja wa zama za Seyyid Said bin Sultan. Yafaa kukumbuka hali ya nyakati hizo. Seyyid Said alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, mikarafuu ilikuwa imeenea mashambani, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka wa 1845 Seyyid alitia sahihi mkataba na Waingereza, kwa mkono wa balozi wao Atkins Hamerton, wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1847, yaani mwaka ule ule ambao ujenzi wa nyumba yetu wasemekana kuanza. Lakini haukugusa biashara ya watumwa baina ya Lamu na Kilwa. Kwa hiyo soko la Unguja liliendelea, na aliyetaka watu wa kujenga alikuwa na mahali pa kuwanunua.

Harthi lilikuwa kabila lenye nguvu, lililokuwa na watu wake Unguja kabla ya ufalme wa Busaidi kuimarika hapo. Mwaka wa 1859, Seyyid Barghash alipoasi dhidi ya ndugu yake Seyyid Majid, Waharthi ndio waliokuwa tegemeo lake kubwa. Basi Mharthi aliyejenga nyumba kubwa Shangani, mahali ambapo kila chombo kiingiacho bandarini hupaona, alikuwa akisema neno ambalo wenzake walilifahamu.

Hata hivyo nyumba haikukaa muda mrefu mikononi mwa Waarabu. Mwaka wa 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, Waingereza tuliozoea kuwaita UMCA, alifika Unguja pamoja na Dr. Edward Steere, na nyumba ya Mambo Msiige ikawa makao ya misheni hata mwaka wa 1874. Mwaka huo ukawa ubalozi wa Uingereza, baada ya ubalozi huo kuondoka katika nyumba yake ya kwanza, nayo ikakaa katika kazi hiyo hata mwaka wa 1913. Kisha ikawa hospitali ya Wazungu hata 1924, na baadaye ofisi za serikali. Mji Mkongwe ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, nyumba hii ilikuwamo katika mipaka yake. Ilipoamuliwa igeuzwe hoteli na kuongezewa jengo jipya ubavuni, mabishano makubwa yalizuka, na Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo hilo.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili, miaka 10 ya misheni ndiyo yenye uzito wa pekee. Steere alianza kukusanya msamiati, sarufi na ngano mara tu alipofika. Kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa ngano vilitoka vyote viwili mwaka wa 1870, na humo ndimo wasomaji wa ng'ambo walimokutana na nunda mla watu na wenziwe wengi wa hadithi za Unguja. Katika siku hizo hizo za kwanza Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao wakawa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Basi mojawapo ya mianzo ya taaluma yetu ya leo ilikuwa chini ya paa ambalo jina lake ni katazo, na miongoni mwa waliosoma hapo walikuwamo watoto waliotoka pingu za watumwa.

Sarufi ya jina

Na tulitazame jina lenyewe. Msiige lina sehemu nne: m-, kiambishi cha nafsi ya pili wingi, -si-, kiambishi cha kukanusha, -ig-, mzizi wa kitenzi kuiga, na -e, kiishio cha dhamiri tegemezi. Maana yake ni 'ninyi msifanye kama hivi'. Irabu mbili za i zakutana pale kikanushi kinapougusa mzizi, na katika usemi wa haraka zaungana kuwa moja. Ndiyo sababu wageni wengine wameandika Msige, na kwa kufanya hivyo wamekificha kikanushi ambacho ndicho roho ya jina.

Mambo ndilo yambwa lililotangulizwa. Katika mazungumzo ya kawaida tungalitazamia kiambishi cha yambwa, yaani mambo msiyaige. Kiambishi hicho hakimo. Jambo hili si kosa. Kiswahili hufupisha hivyo katika maneno yanayokusudiwa kukaa peke yake na kusomwa na wote: majina ya vyombo, maandishi ya kanga, methali. Maneno ya namna hiyo humpa msomaji nusu ya habari na kumwachia nusu ya pili aitafute mwenyewe. Ni mambo gani hayo? Jina halisemi. Lamwachia apitaye njia ayatazame na kuyataja.

Hapa ndipo tafsiri ilipoleta hasara. Wageni wengi wamelieleza jina hili kwa maneno yenye maana ya 'isiyo na mfano' au 'isiyoweza kuigwa'. Lakini Kiswahili kina njia yake ya kusema hivyo, nayo ni mambo yasiyoigika. Tofauti ya maumbo haya mawili si ndogo. Yasiyoigika hueleza tabia ya mambo: hayawezekani kuigwa, hata kama mtu angetaka. Msiige hueleza matakwa ya msemaji: yamkini mwaweza kuiga, lakini nawakataza. La kwanza halina msemaji wala msemeshwa. La pili lina wote wawili, nao wamesimama uso kwa uso. Anayelitafsiri la pili kana kwamba ni la kwanza amemwondoa msemaji, amewaondoa walioambiwa, na amegeuza onyo kuwa sifa.

Ikiwa jina lilitolewa na mwenye nyumba au na watu wake, msemaji ni tajiri, na ninyi ni matajiri wenziwe: msijaribu kushindana nami, mtafilisika. Ni majivuno, na majivuno ya namna hiyo ni ya kawaida katika mji wa wafanyabiashara. Lakini mara kisa cha watu waliozikwa kinapoambatana na jina, sentensi ile ile yapata msemaji mwingine. Sasa asemaye ni mji, au ni wale waliomo ukutani. Na mambo si mayai wala mbao za milango, bali ni tendo la kuwazika watu. Haikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni mwenye kusema.

Kisa cha mayai na watu

Kisa chenyewe kina sehemu mbili, na wasimulizi huzitaja kwa pumzi moja: mayai katika chokaa, watu katika ukuta. Sehemu ya kwanza yasimuliwa katika nchi nyingi. Huko Ufilipino na kusini mwa Bara Hindi pia husemwa ya kuwa mayai yalitiwa katika chokaa ya majengo ya zamani, na kwa baadhi ya majengo neno hilo lina msingi. Sehemu ya pili nayo yajulikana mbali na pwani yetu. Wagiriki wana kisa cha daraja la Arta, na Waromania wana kisa cha fundi Manole aliyemjengea mkewe ukutani ili kanisa la Argeş lisimame. Hapa Unguja penyewe habari kama hiyo husimuliwa juu ya nguzo za Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka wa 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Mtafiti akiona kisa kimoja kimesimuliwa juu ya majengo mengi, katika mataifa yasiyojuana, hana budi kuwa na hadhari. Kisa cha namna hiyo hakiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa tendo lililofanyika katika ukuta fulani. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini methali hiyo haituambii lipo wapi. Haitoshi kusema lipo ukutani. Huenda lipo mahali pengine, na kazi yetu ni kupatafuta.

Tofauti moja yaonekana mara tunapovilinganisha visa hivi. Katika kisa cha Manole anayejengewa ukutani ana jina, ana mume, na ukuta hausimami bila yeye. Kifo chake ni kafara. Katika kisa cha Mambo Msiige waliozikwa hawana majina wala hesabu, na kuta hazikuwa zikianguka. Watu wamewekwa katika orodha moja na mayai, kama vifaa. Huku si kutoa kafara, ni israfu. Tajiri aonyesha ukubwa wa mali yake kwa kuharibu vitu viwili alivyovinunua kwa fedha: chakula cha watu na watu wenyewe. Kisa chaweza kuwa hakikutokea hata mara moja, hata hivyo chaeleza sawasawa namna mtumwa alivyohesabiwa, yaani kuwa ni kitu katika gharama za nyumba.

Kitenzi pia chastahili kuangaliwa. Wasimulizi husema watu walijengewa ukutani. Kauli hii ya kutendewa huleta maana mbili zilizo mbali sana. Mtu aliyejengewa nyumba ni mwenye bahati: wengine wamefanya kazi kwa faida yake. Mtu aliyejengewa ukutani ameangamia. Umbo ni moja. Kinachotenganisha maana ni nomino tu ifuatayo, nyumba au ukutani. Katika historia ya Shangani watu hao wawili walisimama katika kiwanja kimoja. Tena kauli ya kutendwa huruhusu mtenda kuachwa, na wasimulizi humwacha: walizikwa, walijengewa, hawakuonekana tena. Hawasemi na nani. Kinyume cha hayo, jina la mwenye nyumba limehifadhiwa kikamilifu, yeye na baba yake na kabila lake.

Kazi ya ukuta

Kuta za nyumba hizi, tukiacha visa, zina habari yake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Mawe huchimbwa, hubebwa na kupangwa. Chokaa hupatikana kwa kupanga matumbawe juu ya lundo la magogo na kuyachoma, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yakae. Dari hulazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu, chumba cha Mji Mkongwe kwa kawaida hakizidi mita 3 hivi kwa upana, hata katika nyumba ya tajiri. Juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa, na sakafu hiyo hupondwa kwa vipande vya miti, siku baada ya siku, na watu wengi waliojipanga mstari. Hapana hatua hata moja katika hizo ifanyikayo bila ya mikono mingi, na katika miaka ya 1847 hadi 1850 sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya watumwa.

Kwa hiyo usemi wa kuwa watumwa wamo katika kuta za Mambo Msiige una ukweli usiohitaji mifupa. Nguvu zao zimo, na afya zao zimo. Anayesema habari hiyo kwa lugha ya mizuka asema jambo ambalo hati za nyumba hazikulisema, kwa maana hati huandika muuzaji, mnunuzi na mipaka, wala hazimwandiki aliyeponda sakafu.

Maneno ya mizuka

Yabaki kutazama istilahi. Kiswahili kina maneno mengi ya viumbe visivyoonekana, na yasichanganywe. Jini ni neno la Kiarabu, na katika mafundisho ya Kiislamu jini ni kiumbe wa moto, mwenye maisha yake. Hakupata kuwa mwanadamu. Aweza kukaa katika nyumba iliyohamwa, lakini si maiti aliyerudi. Pepo ni neno la kibantu lenye ujamaa na upepo. Humpanda mtu, akapungwa. Mzimu ni roho ya wafu wa mahali au ya ukoo, na kwake watu hupeleka sadaka. Kuzimu ndiko waliko. Koma, neno ambalo sasa hulisikii sana, lilikuwa roho ya mfu katika kamusi za zamani. Mzuka watoka katika kuzuka, kutokea ghafla: neno hili halisemi kiumbe ni nani, lasema tu namna anavyoonekana. Kwa umbo mzuka ni wa ngeli ya mti, wingi wake mizuka, lakini katika sentensi hupewa upatanisho wa mtu: mzuka alitokea.

Sasa, mji wa Unguja ni mji wa Kiislamu, na jumba likisikika vishindo usiku, maelezo ya kwanza ni jini. Lakini jini hawezi kukibeba kisa cha watumwa, kwa sababu jini hakuzikwa na mtu. Na watumwa wale, waliong'olewa kwao, hawakuwa na ukoo hapa wa kuwafanya mizimu yenye kupewa sadaka. Msamiati wa dini haukuwapa nafasi, na msamiati wa ukoo haukuwapa. Limebaki neno la tatu, ambalo watu hulitumia kwa sauti ya chini kwa kuogopa kutaja: mahali hapa pana wenyewe.

Mwenyewe ni mtu wa pekee katika Kiswahili. Ni yule hasa, si mwingine. Na pia ni mwenye mali. Mwenyewe wa shamba, mwenyewe wa chombo, mwenyewe wa mtumwa. Watu wanapoiambia nyumba kuwa ina wenyewe, na papo hapo wakasimulia habari za waliozikwa ndani, wamelihamisha neno la umiliki kutoka kwa aliyemiliki hadi kwa aliyemilikiwa. Sidhani ya kuwa wamekusudia kufanya hivyo. Lugha imewafanyia. Lakini matokeo ni haya: baada ya Mharthi, misheni, ubalozi, hospitali, serikali na hoteli, watu wa mtaani husema kwamba wenyewe hawajatoka.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, jina Mambo Msiige ni katazo lenye msemaji na wasemeshwa, wala si sifa ya uzuri. Pili, kisa cha watu waliojengewa ukutani, hata kikiwa ni kisa kisafiricho, kimeshika hapa kwa sababu ya kazi ya watumwa iliyofanyika kweli, na kimelipa jina maana mpya bila ya kuligusa. Tatu, maneno ambayo kwayo mizuka hutajwa huhifadhi dai la watu ambao maandishi hayakuwahifadhi.

Jambo hili lina haja ya leo. Nyumba ikiwa hoteli, visa vyake huwa sehemu ya starehe; husimuliwa kwa haraka, kwa lugha za wageni, na jina hufasiriwa kwa neno moja la kusifu. Hapana ubaya mgeni kufurahishwa na hadithi. Lakini ikiwa sisi tunaolifahamu katazo tutaliacha ligeuke sifa, tutakuwa tumeyasifu yale tuliyoambiwa tusiyaige. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Unguja, Pemba na Mrima wanaokusanya visa vya majumba ya zamani waviandike kama vilivyosemwa, kwa vitenzi vyake na upatanisho wake, pasi na kusawazisha: ikiwa msimulizi amesema walizikwa, isiandikwe walifariki, ikiwa amesema wenyewe, isiandikwe majini. Katika Mambo Msiige, kiambishi cha herufi mbili ndicho kilichobeba onyo lote, nacho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuanguka katika tafsiri.